Mbona rubani alianza kushuka mapema hivyo?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Majuzi nilipanda ndege ndogo ya abiria kutoka Tanga kwenda Unguja, nikabahatika kukaa kiti cha mbele, ubavuni kwa rubani. Tumepita Pangani tu, Saadani bado, naona tayari tunashuka! Tulipotua nilimuuliza, akaniambia waongoza ndege walimtaka awe futi 2,000 akiwa bado maili 10 kabla ya uwanja. Rubani anajuaje kwamba atakifikia kimo hicho mahali hapohapo? Na akishindwa, anaadhibiwa? – Msomaji, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Rubani wako hakukurupuka. Hesabu hii tunaipiga kinyumenyume: unaanzia pale ulipoambiwa uwe, unarudi nyuma mpaka upate pa kuanza kushuka.

Tuichukue safari yenu hiyohiyo. Tanga hadi uwanja wa Unguja ni kama maili 68 za baharini, ambazo ndizo tunazotumia angani. Moja ni mita 1,852. Tuseme mlikuwa futi 7,000. Kufika 2,000 ni kupunguza futi 5,000. Ndege nyingi ndogo za safari hizi hazina mfumo wa kushikilia shinikizo la hewa ndani, kwa hiyo rubani muungwana hushuka futi 500 tu kwa dakika ili masikio ya abiria yasiumie. Hapo unahitaji dakika 10. Kwa mwendo wa maili 150 kwa saa, dakika 10 ni maili 25. Ongeza zile 10 za kabla ya uwanja, unapata 35, yaani karibu nusu ya safari nzima. Ndiyo maana hamkuwa mmefika hata Saadani.

Halafu upepo. Mwendo unaohesabiwa ni ule wa juu ya ardhi, si ule unaosomeka kwenye saa ya mwendo wa ndege. Msimu wa kusi, ukienda Unguja upepo unakupiga usoni. Ukiwa wa maili 20 kwa saa, zile dakika 10 zinakula maili 22 hivi. Kaskazi ya nguvu hiyohiyo inakusukuma kwa nyuma, zinakuwa 28. Rubani asiyejali msukumo huo wa kaskazi atafika mahali alipoagizwa akiwa bado juu.

Kwenye ndege kubwa za jeti kanuni ya kichwani ni maili tatu kwa kila futi 1,000. Ukiwa futi 35,000 na umeambiwa uvuke alama fulani ukiwa 11,000, unashuka 24,000, kwa hiyo maili 72. Kasi ya kushuka unaikadiria kwa kuzidisha mwendo wa juu ya ardhi mara tano: maili 420 kwa saa inakupa futi 2,100 kwa dakika. Kompyuta ya ndege hufanya hesabu hizi vizuri kuliko mimi, lakini bado nazipiga kichwani, kwa sababu kompyuta inajua tu upepo na njia ilivyolishwa.

Na hapa ndipo penye mtego ambao abiria hauoni. Mwongoza ndege, kwa wema kabisa, anakupa njia ya mkato. Umeokoa maili 15, umeokoa na mafuta, kila mtu anafurahi. Lakini hizo maili 15 ulikuwa umezipangia kushuka futi 5,000. Sasa uko juu kuliko inavyotakiwa, na pengine uko kasi pia. Jeti ina umbo la kuteleza hewani. Kushuka na kupunguza mwendo kwa wakati mmoja haikubali kirahisi, sawa na baiskeli isiyo na breki kwenye mteremko wa Lushoto kwenda Mombo. Unarudisha injini silensa, yaani nguvu ya chini kabisa, unainua vibao vya breki juu ya mabawa, na hata hivyo kuna kikomo. Binafsi, nikipewa mkato, nahesabu kwanza ndipo nakubali.

Ukikaribia kimo chenyewe hupaswi kukiparamia. Katika futi 1,000 za mwisho, kama kuna ndege nyingine jirani juu au chini, inashauriwa uwe chini ya futi 1,500 kwa dakika, vinginevyo mitambo ya kuzuia kugongana inaweza kudhani mnakwenda kukutana. Pia altimita, ile saa ya kupimia kimo, lazima iwe imewekwa shinikizo sahihi la hewa la eneo. Ukikosea kwa hektopaskali 10, unaweza kuamini uko futi 2,000 kumbe umepotea kwa futi 300 hivi. Kwa hiyo, penye marubani wawili, mmoja anaweka namba, mwenzake anaikagua, na maagizo yanarudiwa redioni neno kwa neno.

Sasa, akishindwa? Anasema. “Siwezi kufikia kimo hicho” ni jibu halali, na likitolewa mapema mwongoza ndege ana njia nyingi: kukuzungusha kidogo, kukuongezea maili, kumsogeza mwingine, au kukubadilishia kimo. Likitolewa umebakiza maili mbili, hana la kufanya. Wakati wa kupaa ni hivyohivyo: ndege iliyojaa, adhuhuri ya joto la pwani, haipandi kama inavyopanda alfajiri, na ni rubani anayejua hilo, si mnara.

Zipo hali za dharura ambapo rubani anaacha agizo la kimo bila kuomba ruhusa. Mojawapo ni pale mtambo wa TCAS, ule wa kuzuia kugongana, unapomwamuru apande au ashuke kukwepa ndege nyingine. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen kusini mwa Ujerumani, Tupolev ya abiria ilifuata sauti ya mwongoza ndege ikashuka, huku TCAS yake ikiiambia ipande. Boeing ya mizigo nayo ilikuwa inashuka kwa amri ya TCAS yake. Watu 71 walikufa. Baadaye kanuni za kimataifa ziliwekwa wazi zaidi: amri ya TCAS inafuatwa hata kama mnara umesema kinyume, unamjulisha mwongoza ndege, na hatari ikipita unarudi kwenye ruhusa yako.

Kuhusu adhabu: kusema huwezi si kosa. Kupita kimo ulichopewa, au kutokukifikia, bila kumwambia mtu ndiko kunakoandikiwa ripoti, na uchunguzi utataka kujua ulisikia nini, ukarudia nini, na altimita yako ilikuwa imewekwa namba gani.