HLA-B27 ikisoma hasi, kesi ya mgongo wako bado haijafungwa

Ndugu mleta mada, hizo fedha zirudishe mfukoni kwanza. Unasema una miaka 29, mgongo unakukaza kila asubuhi, na mhudumu wa maabara amekuhakikishia kwamba kipimo cha damu cha jeni ya HLA-B27 kikisoma hasi basi huna baridi yabisi ya uti wa mgongo. Umeuliza bei, umeuliza maabara ya kuaminika, na umeuliza kama wanao nao wapimwe. Hayo leo nayaweka kando, maana huyo mhudumu ameniamshia hasira niliyodhani imelala, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi, tena na mtu aliyevaa koti jeupe.

Karatasi yangu ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana, HLA-B27: HASI, kwa herufi kubwa, na chini yake muhuri wa zambarau. Daktari aliisoma akiwa amesimama, akanipongeza kana kwamba nimefaulu mtihani wa taifa, akaandika kuwa ni misuli, nami nikaamini kwa furaha yote. Tangu hapo nikawa mteja mwaminifu wa mikanda ya mgongo, godoro gumu, wachuaji wa kila aina, na mzee mmoja wa Mbagala aliyegundua kwa kunitazama tu kwamba mchawi wangu ni feni. Muda wote huo ugonjwa ulikuwa ukijitangaza wenyewe: naamshwa saa tisa usiku na maumivu ya makalio, leo upande wa kulia, kesho wa kushoto, nikiendelea kulala nazidi kukakamaa, ilhali nikitembea hadi kituo cha daladala nalegea, kisha jicho moja likawa jekundu, likauma na kuukimbia mwanga, nikapewa matone ya mzio. Hakuna aliyeziunganisha dalili hizo, kwa kuwa kila nilipoingia kwa daktari mpya niliitoa ile karatasi mwenyewe, tena kwa kujigamba, na mazungumzo yakaishia hapo. Leo shingo yangu haigeuki. Nikitaka kuvuka barabara nageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa, na makondakta wa njia yetu wananiita Mheshimiwa kwa vile sitazami pembeni.

Kilichoniuma zaidi nilipokuja kuelezwa na bingwa wa magonjwa ya viungo ni kwamba daktari yule hakutunga uongo, bali alinisomea takwimu za watu wengine. HLA-B27 ni aina mojawapo ya jeni za HLA zilizoko kwenye kromosomu ya 6, ambazo hutengeneza protini za kuionyesha kinga ya mwili vipande vya kilichomo ndani ya seli. Mwaka 1973 watafiti wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa 75 wa ugonjwa huu, na 72 kati yao walikuwa nayo, wakati katika watu 75 wasiougua ilionekana kwa 3 tu. Kwa Mzungu, basi, kuikosa kunapunguza sana shaka. Miongoni mwa Wabantu jeni hii ni nadra mno, chini ya asilimia 1 katika jamii nyingi zilizopimwa, na hata wagonjwa wenyewe kusini mwa Sahara wengi wao hawana. Hasi kwa mtu wa Singida ni jibu ambalo karibu kila mwanakijiji mwenzake angelipata, awe anaumwa au anacheza mpira. Na chanya nayo isikutie kiwewe, maana hata huko Ulaya wengi walio nayo huzeeka bila kuugua.

Kwa hiyo shikilia neno moja: karatasi ya hasi isikutoe kwenye foleni ya bingwa wa viungo. Mgongo ulioanza kuuma polepole kabla ya miaka 45, ukaendelea zaidi ya miezi mitatu, ukapata nafuu kwa mazoezi na kuzidi kwa kupumzika, unataka kuchunguzwa hata kama maabara zote za mjini zimekupa hasi. Eksirei ya kawaida huweza kuchelewa miaka kuonyesha kitu, kwa kuwa yenyewe husubiri mfupa uharibike, wakati MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku, huweza kuuona uvimbe mapema. Ila hapo napo pana mtego ulionila fedha nyingi: mimi nilipigwa MRI ya kiuno, ikaonyesha diski iliyotokeza kidogo, wote wakaridhika, kumbe moto ulikuwa chini zaidi, kwenye maungio ya sakroiliaki, pale uti wa mgongo unapokutana na fupanyonga. Fomu yako ya MRI isome kabla hujafika dirisha la malipo. Ukikuta imeandikwa kiuno peke yake, mrudishie daktari aongeze maungio hayo, hata akikunja uso.