Baada ya saratani ya utumbo mpana, "hajisikii kuumwa" si kipimo

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 60. Alipasuliwa saratani ya utumbo mpana, hatua ya tatu, na alimaliza dripu za kemotherapia miezi 14 iliyopita. Kipimo cha damu cha CEA, kinachosaidia kufuatilia kama saratani inarudi, kilikuwa 2.1, sasa kimesoma 4.6. Hospitali wanataka apigwe picha ya CT na aingizwe kamera ya utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa. Yeye anasema hajisikii kuumwa, na mtaalamu mmoja wa tiba asili anasema kamera "huamsha" ugonjwa. Mtaalamu huyo ametupatia dawa ya kusafisha sumu. Tufanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Hiyo dawa aiache leo, na chupa muende nayo kliniki. Dawa nyingi za namna hiyo ni za kuharisha tu, lakini zipo zinazoumiza ini na figo. Ini likiumia, CEA inaweza kupanda bila saratani yoyote, nasi tukahangaika kutafuta kisichokuwepo. Figo zikidhoofika, hata ile dawa ya mshipani inayotumika kwenye CT inakuwa ya kuogopa.

Hiyo 4.6 bado iko chini ya 5, kikomo cha kawaida, lakini tunachotazama ni mwendo wake. Arudie baada ya wiki chache, maabara ileile, kwa sababu mashine tofauti hazisomi sawa. Kama anavuta sigara aseme, maana nayo hupandisha. CT isisubiri majibu hayo, wala kamera.

Sasa hili la "hajisikii kuumwa". Nalisikia karibu kila kliniki na linaniumiza. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya mwanzo, na uvimbe mdogo kwenye ini au pafu hauumi. Ukikutwa ukiwa mmoja au miwili, mara nyingi unaweza kukatwa, na wapo wanaopona kabisa. Mgonjwa akingoja hadi macho yawe ya njano na suruali zianze kumvuka, kwa kawaida nafasi ya upasuaji imeshapita.

Na CEA ikiwa chini msikunje karatasi mkaenda zenu. Kuna saratani ambazo hazipandishi CEA kabisa, na damu haiwezi kuonyesha vinyama vipya vinavyoota ndani ya utumbo. Hivyo huonwa kwa kamera, na vingi hutolewa palepale kabla havijageuka saratani. Kamera ya kwanza hufanywa mwaka mmoja baada ya upasuaji. Ikiwa safi, inayofuata ni baada ya miaka 3, kisha 5. Kama baba hajafanyiwa hata moja, ameshachelewa. Kamera haiamshi chochote. Utumbo kutoboka hutokea, ila ni nadra. Kazi kubwa iko kwenye maandalizi: dawa ya kuharisha na maji mengi, na usiku hakai mbali na choo. Kama ana kisukari au anatumia dawa za kuyeyusha damu, waambieni mapema.

Ninaowaona ni watu waliouza mashamba ili wapasuliwe, wakavumilia dripu mpaka vidole vikafa ganzi, halafu miezi 6 ya thamani kuliko yote wanamkabidhi muuza chupa. Wanarudi tumbo limejaa maji. Sina ugomvi na mtu kunywa tangawizi yake. Nina ugomvi na anayemwambia mgonjwa asipime, kwa sababu kipimo ndicho kitakachomuumbua yeye na dawa yake. Awe na kanzu, koti jeupe au kipindi redioni, akishasema "usiende kupima", ondokeni.

Nawe pia unahusika, pamoja na ndugu zako wa tumbo moja. Mtoto wa mgonjwa huanza kamera akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligundulika, kutegemea kipi kinatangulia. Siku ya kumpeleka baba, nanyi ombeni tarehe zenu.