Naamka mara nne usiku kukojoa. Je, ni saratani?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 48, ni dereva wa daladala hapa Tanga. Usiku naamka mara nne kukojoa, na mkojo wenyewe unatoka kwa kusuasua. Baba yangu alifariki kwa saratani ya tezi dume. Wenzangu kijiweni wanasema na mimi tayari ninayo, mmoja kaniletea unga wa mizizi. Hospitali naogopa kile kipimo cha kidole. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Hizo dalili zako mara nyingi si saratani. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete. Umri ukisogea, hunenepa kwa ndani na kuubana mrija. Uvimbe huo si saratani, na una dawa. Kuamka usiku kunaweza hata kuwa kisukari, kwa hiyo siku hiyohiyo pima na sukari.

Saratani yenyewe kwa kawaida huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, ikakua kimya. Hili sikulisoma tu. Marehemu mume wangu alilalamika mgongo miezi mingi. Tukamchua, tukampa vidonge vya maumivu, tukasema ni jembe. Mkojo wake ulikuwa unatoka vizuri kabisa. Mimi ni muuguzi, nililala naye kitanda kimoja, na sikushtuka. Alipopigwa picha, saratani ilikuwa imeshafika kwenye pingili za mgongo.

Kwa hiyo usipime kwa sababu ya mkojo peke yake. Pima kwa sababu ya baba yako. Mwenye baba au kaka aliyeugua yuko hatarini zaidi, na sisi Waafrika tumo katika hatari kubwa kuliko watu wengi. Wengine huambiwa waanze kuzungumza na daktari wakiwa na 50. Wewe ulipaswa kuanza ukiwa na 45.

Kipimo cha kwanza ni damu, kinaitwa PSA. Siku mbili kabla usikutane na mkeo wala usiendeshe baiskeli, na kama mkojo unachoma, sema, maana maambukizi nayo hupandisha namba. Namba kubwa si hukumu: uthibitisho ni kinyama kinachotolewa kwenye tezi na kuangaliwa maabara. Namba ndogo nayo haimalizi kila kitu, ndiyo maana daktari anaweza kutaka na kidole. Huingia kwa njia ya haja kubwa kwa sababu kule ndiko upande wa nje wa tezi unakoguswa. Ni chini ya dakika moja, kuna glavu na mafuta, na hakipunguzi uanaume wa mtu.

Unga wa mizizi uweke pembeni. Hata mkojo ukianza kutoka vizuri, unga huo hautakwambia kilichomo ndani ya tezi.

Ukiona damu kwenye mkojo au shahawa, nenda wiki hiyohiyo. Mkojo ukikatika kabisa, au miguu ikaanza kufa ganzi na kulegea huku mgongo unauma, usingoje asubuhi.

Ndugu zako wa kiume uliochangia nao baba wapigie simu leo. Na ukipata majibu niandikie namba iliyoandikwa kwenye karatasi, usiniandikie tu kwamba wamesema uko sawa.