X-Trail ya zamani inazima ikipata joto: pima haya kabla ya kununua kontroli boksi (kompyuta ya injini)

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. X-Trail ya 2003, injini ya 2.0 ya petroli. Asubuhi inatembea vizuri, ukikaa kwenye foleni mchana jua likiwa kali injini inazima ghafla, stata inazunguka lakini haiwaki, ukisubiri nusu saa inawaka kama hakukuwa na kitu. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka, taa ya injini imewaka, na chini mbele kunagonga ukipita kwenye matuta. Fundi wa kwanza kasema kontroli boksi imekufa, wa pili kakwambia utafute injini nyingine Ilala. Nakuomba, kwa sasa usinunue chochote kati ya hivyo viwili.

Ninalo gari kama lako, bodi ya T30 na injini ya QR20DE, nimelitumia kwa miaka mingi mjini na safari za Iringa. Hiyo hali ya kuzima likipata joto naijua, kwangu ilitokea nikiwa napanda mlima Kitonga nyuma ya malori. Inaniuma sana kuona watu wanauza magari haya kwa bei ya kutupa, au wanabadilisha injini nzima, kwa sababu ya kitu kinachotoka kwa bolti moja. Halafu mtaani watu wanachanganya T30 na T31 iliyokuja 2007 na gia ya CVT. T30 yako ya otomatiki ina gia ya kawaida ya spidi 4, na injini inatumia cheni, haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Ni gari linalotengenezeka.

Jambo la kwanza, yatenganishe matatizo yako. Fundi akiambiwa yote kwa pamoja anatafuta kitu kimoja kikubwa kinachoweza kuyaeleza yote, ndipo linapokuja neno "injini". Kuzima kwa joto ni shauri moja, sailensa ni lingine, kugonga chini hakuhusiani kabisa na injini. Anza na kuzima, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuacha katikati ya barabara.

Gari lenye stata nzima lisipowaka, limekosa umeme wa plagi au limekosa mafuta. Lazima lisubiriwe mpaka lizime lenyewe ndipo upime, palepale likiwa bado na joto. Likishapoa hutaona kitu, na hii ndiyo sababu mafundi wengi hawalikamati: unawapelekea gari likiwa linawaka. Kwa hiyo likizima, sogea pembeni salama, washa hazadi, halafu fanya hivi. Zima redio na feni ya eya kondisheni, rudisha funguo, kisha iwashe hadi "on" bila kupiga stata na usikilize upande wa siti ya nyuma. Pampu ya mafuta inavuma kwa takriban sekunde moja halafu inanyamaza. Ukiisikia, pampu angalau inapata umeme na inazunguka. Sasa piga stata huku mtu mwingine anaangalia mshale wa RPM, ule wa kasi ya mzunguko wa injini. Dashibodi ya T30 ina mita katikati, kwa hiyo hata aliyekaa siti ya abiria anauona vizuri. Mshale ukitikisika kidogo wakati stata inazunguka, kompyuta ya gari inapata taarifa kwamba krenki (shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni) inazunguka. Mshale ukilala sifuri kabisa na injini inazunguka, mshukiwa wangu wa kwanza ni sensa ya krenki. Hicho si kipimo cha maabara, lakini kinakupa mahali pa kuanzia.

Sensa hiyo kazi yake ni kuiambia kompyuta krenki iko wapi, ili ijue wakati wa kutoa cheche na kufungua nozeli. Ndani yake kuna saketi ndogo ya kielektroniki, na mahali ilipofungwa, kwenye bloku ya injini, panapata joto kali. Ikizeeka, joto likipanda inanyamaza, ikipoa inarudi. Ndiyo maana gari linazima bila kupiga misi (silinda kukosa kuwaka) wala kupoteza nguvu kwanza: cheche na mafuta vinakatika kwa wakati mmoja. Pampu ikifa taratibu, dalili ni tofauti, gari linakosa nguvu kwanza na kuvutavuta kabla ya kuzima. Huu si ugonjwa wa gari lako peke yake. Kule Marekani Nissan iliwahi kuyaita yarudishwe kufanyiwa marekebisho magari ya Altima na Sentra zenye QR25DE, ndugu wa injini hii, kwa sababu ya sensa ya krenki iliyokuwa inazima magari.

Ukitaka uthibitisho, soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari. Hapa wengi wanakwama kwa sababu vile vifaa vidogo vya Bluetooth vya kuunganisha na simu mara nyingi havisomi Nissan za soko la Japani za miaka hiyo, ingawa tundu linaingiana. Fundi mwenye mashine inayosoma Nissan atakusomea. Lakini gari lenye throto ya umeme (mlango wa hewa ya injini unaoendeshwa na mota badala ya kebo), unaweza kulisoma mwenyewe kwa pedali ya mafuta. Washa funguo hadi "on" bila kuwasha injini, subiri sekunde 3. Kanyaga pedali mpaka chini na kuachia mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7, kisha kanyaga mpaka chini na ushikilie takriban sekunde 10, mpaka taa ya injini ianze kupepesa, hapo achia. Taa itahesabu namba nne moja baada ya nyingine, na sifuri inapepesa mara 10. Tumia simu kupima sekunde na kuirekodi taa kwa video, ni rahisi kuihesabu ukiirudia polepole. Ukipata 0335 ni mzunguko wa sensa ya krenki, 0340 ni ya kemu, shafti inayofungua valvu. 0000 maana yake hakuna kodi iliyohifadhiwa, na hiyo haimaanishi sensa ni nzima, maana zipo zinazokatika kwa muda mfupi mno bila kuacha kodi.

Kabla hujanunua sensa, chomoa soketi yake uangalie. Pini zenye ukungu wa kijani, mafuta yaliyoingia ndani, waya uliokauka mpaka ukivutwa kidogo unaachia, haya yote yanatoa kodi ileile. Angalia pia vichwa vya betri na waya wa ardhi unaotoka betri kwenda bodi na kwenye gia. Weka mita ya volti, mguso mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe na mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ardhi yako ni mbovu, safisha au badilisha waya kwanza. Betri iliyolala inatakiwa kuwa karibu volti 12.6, na injini ikiwaka kati ya 13.5 na 14.5.

Kama yote hayo yako sawa, badilisha sensa. Mimi msimamo wangu ni kubadilisha ya krenki na ya kemu kwa pamoja, hata kama kodi ni moja, kwa sababu zina umri mmoja na zimepikwa na joto lilelile. Usinunue ya bei ya chini kabisa ya kwenye mfuko usio na jina. Tafuta ya Hitachi au jenyuini, na nenda dukani na ile ya zamani mkononi mlinganishe soketi, idadi ya pini na urefu wa shingo, maana kuna zinazofanana kwa macho lakini hazikai. Sensa ya krenki iliyotoka kwenye injini ya mtumba sikushauri, imeshapikwa kama yako. Ukibadilisha zote mbili na kodi ikarudi, hapo ndipo ukague cheni. Cheni iliyorefuka inafanya kemu na krenki zisipatane, na kawaida utaisikia ikigonga asubuhi unapowasha. Kwa hiyo jenga tabia ya kupima oili kwa kijiti, kwa sababu kikaza cheni cha injini hii kinategemea presha ya oili.

Sasa sailensa. Inapopanda na kushuka, mtu wa kwanza kumtembelea ni throto bodi. Toa bomba la hewa linalotoka kwenye eya klina na umulike ndani. Kwenye gari ambalo halijawahi kusafishwa utaona pete nyeusi ya masizi, ngumu, inayozunguka pale kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, kinapogusa ukuta. Pete hiyo inaziba ule upenyo mwembamba ambao hewa ya sailensa inapita. Funguo iwe imezimwa kabisa, kipepeo hicho kinaendeshwa na mota na kinaweza kukubana kidole. Lowesha kitambaa kwa dawa ya kusafishia throto, futa pande zote mbili taratibu, usimwagilie dawa upande wa mota. Sensa ya hewa iliyo kwenye bomba hilo ina dawa yake peke yake, inapulizwa tu bila kuguswa na kitambaa wala brashi.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi wa Toyota hawalijui kuhusu Nissan. Baada ya kusafisha, sailensa inaweza kupanda hadi RPM 1500 au zaidi, na mteja anarudi akilalamika gari limeharibiwa. Halijaharibika. Kompyuta ilikuwa imezoea kufungua kipepeo zaidi ili kufidia masizi, sasa masizi hayapo. Lazima ifundishwe upya. Tembeza gari mpaka injini na gia vipate joto la kawaida, paki, weka P, zima taa, eya kondisheni na redio, usukani uwe umenyooka. Zima injini, subiri kama sekunde 10. Washa hadi "on", subiri sekunde 3, kanyaga pedali mara 5 ndani ya sekunde 5, subiri sekunde 7, kanyaga na ushikilie takriban sekunde 20, mpaka taa ya injini iache kupepesa na kubaki imewaka. Ndani ya sekunde 3 achia pedali na uwashe injini. Iache sekunde 20 au zaidi bila kugusa kitu. Sailensa inatakiwa kutulia karibu na 700. Ikikataa, rudia, muda ukikosewa kidogo tu haikubali.

Ikikataa kabisa, kuna hewa inavuja. Mipira midogo ya vakyumu kwenye gari la umri huu inapasuka kwenye kona ambako huioni. Injini ikiwa inawaka, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio, ukisikia mlio unabadilika umepapata.

Kama pamoja na sailensa injini inapiga misi, chomoa koili moja moja na utazame kisima cha plagi. QR huwa inavujisha oili kwenye visima kutoka kwenye kava la juu, na koili iliyoogelea kwenye oili haidumu. Kujua koili mbovu hakuhitaji fedha: hamisha ya silinda ya kwanza uiweke ya tatu. Kodi ikihama kutoka 0301 kwenda 0303, koili ndiyo mbaya. Isipohama, angalia plagi, nafasi yake ni milimita 1.1, kisha nozeli. Na mtu akikwambia shida ni masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) na yatolewe, kataa mpaka misi iishe kwanza, kwa sababu petroli isiyoungua ndiyo inayoyaua masega.

Kwa kuwa gari lako linakaa sana kwenye foleni, hakikisha pia feni za rejeta zinafanya kazi. Washa eya kondisheni gari likiwa limesimama, feni ziwake. Na rejeta iwe na kulanti, siyo maji ya bomba.

Kugonga kwa chini ni kazi ndogo. Kwenye matuta madogo, sauti ya kavu kama ya bati, mara nyingi ni stabilaiza linki. Unaweza kuipima kwa kuishika na kuitikisa kwa mkono, matairi yakiwa chini. Ikicheza, badilisha kulia na kushoto. Ikiwa nzima, inua kwa jeki, weka stendi, na fundi atikise bolijointi na bushi za wishibonii kwa nondo. Sauti inayotoka juu unapokata usukani umesimama ni mauntini ya shokapu.

Anza na mshale wa RPM siku litakapozima tena, na usome kodi kwa pedali hata kesho asubuhi. Weka hapa namba utakazopata na picha ya soketi ya sensa, nitakuangalizia kabla hujaenda dukani.