Maswali na majibu: saratani ya utando wa tumbo na jeni ya BAP1

Dada yangu, mwenye miaka 38, alitolewa maji tumboni na vipimo havikuonyesha saratani. Mbona daktari sasa anataka kukata kipande cha nyama?

Kwa sababu maji peke yake hayatoshi. Seli za mesothelioma, yaani saratani inayoota kwenye utando unaofunika viungo vya tumbo, hufanana mno na seli za kawaida za utando huo zilizochokozwa na ugonjwa mwingine, hivyo maji yanaweza kusomwa kuwa salama ilhali saratani ipo. Kamera ndogo hupitishwa kwenye tundu dogo, kipande kikakatwa, kisha maabara ikatafuta ndani yake protini kama kalretinini na WT1. Kwetu Afrika Mashariki, tumbo lililojaa maji pamoja na kukonda hudhaniwa mapema kuwa kifua kikuu, na mara nyingi ndicho. Lakini mgonjwa aliyeanzishiwa dawa bila uthibitisho, na tumbo likazidi kujaa, asiachwe mpaka amalize dozi ndipo achunguzwe upya.

Hakuwahi kufanya kazi na asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yanayojulikana kuleta saratani hii. Je, ni ya kurithi?

Huenda, ingawa wagonjwa wengi hawakuirithi. Mwaka 2011 watafiti walieleza familia mbili za Marekani zilizorithishana hitilafu katika jeni ya BAP1, ambayo ikiwa nzima husaidia kuzuia uvimbe. Mwenye hitilafu hiyo huweza pia kupata saratani ya jicho, ya ngozi au ya figo, na mara nyingi huugua akiwa na umri mdogo kuliko wengine. Kwa hiyo mwelezeni daktari magonjwa ya ukoo mzima, hata ya shangazi aliyeng'olewa jicho zamani bila ninyi kuelezwa sababu.

Tiba ni ipi?

Afya ikiruhusu, madaktari wa upasuaji huondoa uvimbe wote unaoonekana, kisha huzungusha tumboni dawa ya saratani, mara nyingi sisplatini, iliyopashwa joto la nyuzi 41 hadi 42 kwa saa moja au zaidi. Ni upasuaji mzito, wa saa nyingi, unaohitaji timu iliyouzoea. Asiyeufaa hupewa sisplatini na pemetreksedi kwa mshipa.

Nami nipimwe?

Apimwe dada kwanza. Akikutwa na hitilafu aliyoirithi kwa mzazi, uwezekano wako wa kuwa nayo ni asilimia 50, na kuwa nayo si sawa na kuugua.