Usivuke geti bila karatasi ya kiwanda

Usikubali, ndugu yangu! Umesema wakala wa kazi anakupa shilingi 15,000 kwa siku kiwandani Namanve, hapa Uganda, mkataba "utafuata", uache duka la Nakawa, tena unauliza vyumba vya Mukono. Vyumba baadaye. Hiyo "utafuata" mimi niliingoja miaka 3.

Nilikuwa napakia sabuni. Mwenzangu wa mashine ileile alivaa kitambulisho cha kiwanda chenye picha. Mimi nilipewa kipande cha plastiki, namba 47, jioni nakirudisha kwenye ndoo getini. Zamu moja, jasho moja. Yeye alikatwa 5% ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, na kiwanda kikamwongezea 10%. Mimi 12,000 mkononi, basi.

Kilichonimaliza ni hiki. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua asizidi miezi 4. Akiipita mfululizo, anastahili mkataba wa maandishi. Wakala alizijua kuliko mimi. Kila miezi 3 alitupumzisha wiki, kisha tunasaini daftari jipya kama wageni. Nami nilisaini, tena na tena, nikishukuru kurudishwa! Nikiulizia mkataba ananitisha: ukiandikishwa, kodi itakumaliza. Mwongo mkubwa! Kwa siku 26 nilipata 312,000, na kodi ya mshahara wakati huo ilikata 10% ya kinachozidi 235,000. Ningelipa 7,700 tu. Mchango wa kiwanda ungekuwa 31,200 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 36: zaidi ya milioni moja, na wakala huyo nilikuwa namwita kaka.

Walipopunguza watu, mwenzangu alipewa notisi ya mwezi. Mimi niliambiwa na askari wa getini kwamba namba yangu haipo. Nikaenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, swali lake la kwanza: mwajiri wako nani? Wakala alisema kiwanda, kiwanda kikasema wakala, na lile daftari sikuwa hata na picha yake.

Wala usitegemee kima cha chini cha mshahara. Kilichopo ni 6,000 kwa mwezi, cha tangu 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Rais akakataa kuutia saini.

Mtumie wakala ujumbe leo, kwa maandishi: kwenye mkataba, mwajiri ataandikwa nani, na NSSF inaanza mwezi gani? Jibu lake lilete hapa kabla hujapanda teksi ya Namanve.