Kabla hujaandika "Mahakama ilisema"

Wadogo zangu mnaoanza tasnifu za sheria ya haki za binadamu, someni hukumu yenyewe. Muhtasari ulinipotezea mwezi mzima.

Nilikuwa naandika juu ya Waogiek, jamii ya asili iliyofukuzwa katika Msitu wa Mau, na shauri lao namba 006/2012 dhidi ya Kenya, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Hukumu ya 26 Mei 2017 ilisema Kenya imevunja haki zao kadhaa, zikiwemo za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo. Mimi nikaongeza na haki ya kuishi. Nilijiambia, mtu aliyeutegemea msitu kwa chakula na dawa, ukimtoa humo ataishije? Msimamizi wangu akaizungushia wino ile sentensi na kuniuliza, "Aya ya ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilipoisoma hukumu nzima nikakuta Mahakama imetenganisha uhai wa mwili na maisha yenye staha, ikaamua kwamba ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inayolinda haki ya kuishi, haikuvunjwa. Utafiti wangu ulizaliwa hapo, kwenye aya nilizoziruka.

Angalieni pia nani amefungua shauri. Hili lilipelekwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, Gambia, kwa kuwa Kenya haijatoa tamko la kuruhusu watu binafsi kwenda Arusha moja kwa moja. (Tanzania ilikuwa nalo, ikaliondoa Novemba 2019.)

Halafu fidia. Nimeshasoma tasnifu zinazosema ilitolewa 2017. Hapana, Mahakama iliiweka kando hadi 23 Juni 2022, ndipo ikaamuru shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhila waliyopata, na ardhi ya mababu zao ipimwe na kupewa hati ya pamoja. Novemba 2023 familia za Waogiek zikabomolewa nyumba Sasimwani, Narok. Inauma, na ndiyo sababu nasisitiza sura ya utekelezaji. Wengi huiacha hadi wiki ya mwisho, wakajaza kurasa mbili. Ianzeni mapema, kwa sababu taarifa za serikali huchelewa, na wazee mtakaotaka kuwahoji wako mbali na barabara.